Tunapoagana, Kazi ya Mikono Isiachwe Nyuma

(Maneno yaliyosemwa na kamati ya kikundi cha akina mama wasukaji wa viondo, Machakos, siku ya kumuaga mwenzao anayehamia Changamwe, Mombasa.)

Shemeji, karibu sana. Tunajua umesafiri usiku kucha uje kuchukua jamii yako, na tunashukuru kwamba umekubali kuketi nasi kabla ya kufunga mizigo.

Tumekutana kwa sababu moja. Dada yetu anahama. Jumamosi asubuhi atapanda basi yeye na watoto, na nyumba yake hapa itafungwa. Amekaa nasi katika kikundi miaka 14. Tumechimba matuta pamoja, tumefaana katika harusi na matanga, na ule mwaka mvua ilipokosa kabisa tuligawana unga kwa kikombe.

Wengine wetu tumekuwa tukilia tangu juzi. Kulia si vibaya. Lakini machozi hayalipi deni, hayajazi daftari, wala hayamfundishi mtu kupika rangi. Kwa hiyo sisi wa kamati tunataka tuseme juu ya namna ya kuagana, ili anayeenda asiende mikono mitupu, na sisi tunaobaki tusibaki mikono mitupu.

KIONDO NI MAISHA YA KILA SIKU

Tuanze na jambo ambalo tumelizoea mpaka hatulioni tena. Si mnajua jinsi tunavyoishi? Mama anakwenda sokoni, kiondo kiko mkononi kinasukwa. Anangoja zamu yake kwenye kisima, anasuka. Amepeleka mtoto kliniki na foleni ni ndefu, anasuka. Jioni, maharagwe yakiwa motoni, anakunja mguu na kusokota nyuzi pajani. Mgeni akipita husema, “Hawa akina mama wanapumzika.” Ndugu zetu, hapo hakuna anayepumzika.

Kazi yenyewe mnaijua. Majani ya mkonge yanakatwa, miiba inaondolewa, yanapasuliwa na kuparwa mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Nyuzi zinaoshwa, zinaanikwa, zinasokotwa, zinapikwa rangi. Ndipo unaanza kitako cha kiondo, na kutoka kitako unapanda mzunguko kwa mzunguko hadi mdomoni. Kitako kikiwa kibaya, huwezi kukitengeneza ukiwa umefika juu.

Kiondo hiki kimenunua madaftari na sare za shule. Tangu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, tarehe 28 Agosti 2017, hata watu wa mjini walianza kukumbuka tena kwamba kuna kitu kinachobeba viazi bila kupasuka. Basi mwenzetu anapohama, tusiseme tu kwamba rafiki anaondoka. Mfanyakazi anaondoka, na pamoja naye ujuzi na soko.

KAZI NAYO HUSAFIRI

Kuna watu waliokuja kutuambia, “Ah, huko Mombasa ataacha kusuka. Kazi ya viondo ni ya huku kwetu.” Tunataka kulijibu neno hilo, maana likimwingia dada yetu moyoni litamvunja nguvu kabla hajafika.

Tazameni huu mkonge ulio kwenye ua wa kila shamba. Mnafikiri ni mwenyeji? Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ipandwe upande wa Tanga. Njiani mingi ilikufa, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na mbegu hiyo ndogo mkonge ulienea Tanganyika, ukavuka hadi Kenya, na leo tunauita wetu. Kabla ya hapo akina nyanya walisuka kwa nyuzi za magome ya mbuyu na ya vichaka vya porini. Mkonge ulipokuja hawakusema, “Huu si wa kwetu.” Waliushika, wakaujaribu, na kiondo kikaendelea kuitwa kiondo.

Au tazameni uchongaji wa Wamunyu. Watu wengi hudhani Wakamba walichonga vinyago vya kuuza tangu zamani za kale. Aliyeleta biashara hiyo ni mzee Mutisya Munge. Alikwenda Tanganyika wakati wa vita vya kwanza vya dunia, vile vya 1914 hadi 1918, akakutana na wachongaji wa huko, akajifunza. Aliporudi Wamunyu akachonga, akafundisha jamaa zake, nao wakafundisha wengine. Kisha wana wa Wamunyu wakahama tena na patasi zao. Hapo hapo Changamwe, anakokwenda dada yetu, wachongaji Wakamba walianzisha chama cha ushirika mwaka 1963.

Mnaona basi? Ujuzi ulitoka Tanganyika ukaja Wamunyu, ukatoka Wamunyu ukaenda Mombasa. Mzee Mutisya alitoka vitani na ujuzi tu, na ujuzi huo umelisha nyumba nyingi kuliko mshahara wa askari. Kuhama hakukuua kazi. Kinachoua kazi ni mtu kufika mahali mapya na kuona haya kuitoa mikono yake.

MAMBO YA KUJIANDAA NAYO, DADA

Lakini tusikudanganye. Changamwe si hapa, na wewe wacha tukwambie mapema.

Kwanza, hapa mkonge unakata uani bila kumwomba mtu. Huko utakaa chumba cha kupanga, na uzi utakuwa wa kununua au wa kutumiwa. Kwa hiyo kila kiondo utakachosuka, piga hesabu ya uzi, rangi, mkanda wa ngozi na nauli, kabla hujataja bei. Hapa tulizoea kusema uzi ni bure. Huko ukisema hivyo utakuwa unawalisha wanunuzi kwa jasho lako.

Pili, hewa ya pwani ina unyevu. Kiondo kikiwekwa chini ya kitanda mwezi mzima kitaota ukungu, na rangi itaharibika. Vitundike juu panapopita upepo, vianike mara kwa mara, wala usifungie kiondo kibichi kwenye plastiki.

Tatu, wageni wanaonunua vitu vya mikono wana majira yao. Disemba watu ni wengi, lakini mvua za masika zikianza ufuo hukaa kimya. Usile pesa za Disemba zote Disemba.

Nne, na hili ndilo kubwa, utawakuta akina mama wa pwani nao ni wasukaji. Wao hutumia ukindu na miyaa. Husuka utepe mrefu unaoitwa ukili, kisha huushona ukili kwa ukili mpaka upatikane mkeka au kikapu. Sisi tunaanza kitakoni na kuzunguka kwenda juu, wao wanasuka utepe kwanza. Usiende ukawaonyesha kwamba kiondo ni bora kuliko mkeka. Keti chini, sema, “Mama, nifundishe ukili, nami nitakuonyesha kusokota mkonge.” Mwenye kuomba kufundishwa hupata jirani upesi kuliko mwenye kujisifu. Na siku mtoto akipata homa usiku, jirani ndiye atakayekushikia taa, si sisi tulio mbali.

KUAGANA NA DAFTARI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisema siku ya kuagana. Pesa.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Vikundi vingi vimevunjika hapa. Mtu anahama, watu wanalia, wanapika chai, wanaimba, hakuna anayefungua kitabu. Baada ya miezi miwili aliyehama anasema anadai, waliobaki wanasema anadaiwa, na urafiki wa miaka unaishia kwa chifu.

Dada yetu ameturuhusu tusome hesabu yake mbele ya wote, ili iwe mfano. Akiba yake ni shilingi 23,600. Sehemu yake katika nyuzi zilizo stoo ni shilingi 1,400. Jumla 25,000. Mkopo aliobaki nao ni shilingi 6,000. Ukitoa mkopo, anatudai shilingi 19,000.

Kwenye sanduku leo kuna shilingi 21,000. Tukimlipa yote, tunabaki na 2,000, na wenzetu wawili waliokuwa wangojee mikopo mwezi huu watangoja. Tunajua kuna walionong'ona kwamba alipwe polepole kwa simu, kidogo kidogo, “maana yeye ana bwana mwenye kazi.” Jamani, akiba si msaada. Hatuulizi kama mwenyewe anaihitaji. Aliiweka shilingi kwa shilingi, hata majuma ambayo hakuuza kitu. Tena sikilizeni vizuri: tukimcheleweshea yeye, kila mmoja aliyeketi hapa atajiuliza moyoni, “Siku nikihama mimi, au nikifa, watoto wangu watalipwa?” Swali hilo likiingia, akiba itakoma. Kwa hiyo kamati imeamua alipwe leo, shilingi 19,000 zote, mbele ya mashahidi wawili, atie sahihi nasi tutie. Wale wawili wanaongoja mikopo tumezungumza nao, na wamekubali kusubiri hadi viondo vya oda vilipwe.

Na hiyo oda nayo isemwe. Ni viondo 60, na vinatakiwa mwisho wa mwezi ujao. Dada alichukua 6, amemaliza 4. Viwili vilivyobaki amevigawa mwenyewe kwa wenzake kabla ya kuondoka. Hakungoja kuulizwa. Tunamshukuru, na tunataka iwe desturi.

UJUZI NAO UNA DENI LAKE

Kuna kitu kingine ambacho hakimo kwenye sanduku. Nyote mnajua kwamba rangi ya magome katika kikundi hiki ilipikwa na dada huyu. Yeye hutazama maji ya sufuria na kukwambia rangi imeshika au bado. Sisi wengine tulikuwa tunangoja atuite.

Majuma mawili haya amewaita vijana wetu wawili nyumbani kwake, akawafundisha tangu kutafuta magome hadi kuanika uzi kivulini. Uzi wa kwanza ulitoka na madoa. Wa pili ulipauka. Wa tatu ulikubali. Sasa tunawaagiza ninyi vijana: andikeni. Uzi kilo ngapi, magome kiasi gani, maji debe ngapi, moto kwa saa ngapi. Msitegemee kichwa peke yake, maana kichwa nacho huhama. Na kila mwenye ujuzi wake pekee hapa, awe wa kushona mikanda, awe wa kufunga mdomo wa kiondo, atafute mmoja wa kumfundisha kabla ya Krismasi. Asingoje mpaka siku ya kuagwa.

ZAWADI YETU

Palikuwa na majadiliano juu ya zawadi. Wengine walitaka tununue blanketi. Lakini Mombasa na blanketi, wapi na wapi! Tumekubaliana tumpe kilo tano za uzi uliokwisha kusokotwa, nyingine nyeupe, nyingine za rangi, kila mmoja wetu akitoa fungu lake. Mwezi wa kwanza katika mji mgeni ni mrefu. Mtu hana shamba, hana sokoni anakojulikana, watoto wameenda shule, na ukimya ni mwingi ndani ya chumba. Dada, siku hiyo fungua mfuko huu uanze kitako.

Ukipata soko huko, tupigie. Lakini hatutakutumia viondo kwa maneno matupu, nawe usivipokee kwa maneno matupu. Tuandike idadi, bei, nauli ni ya nani, na vikikosa kununuliwa vinarudi kwa gharama ya nani. Tukifanya hivyo, hatujapoteza mwanachama. Tumepata mkono mwingine kule pwani.

Na ninyi mnaobaki, kiti chake kisijazwe masengenyo. Akiwa kimya miezi mitatu msiseme amejivuna. Piga simu, uliza kama watoto wamezoea joto.

Shemeji, tunakukabidhi mfanyakazi. Jioni ukimkuta na uzi mapajani, usimwambie aweke kando vitu vya kijijini. Msogezee taa.

Dada yetu, milima haikutani, binadamu hukutana. Nenda salama. Mweka hazina, leta kitabu na sanduku, tuhesabu mbele ya wote, kisha tunywe chai.