Salamu ya Mtumwa



Hapa Arusha, karibu na Mnara wa Saa, wageni wapandapo magari kwenda mbugani, mara nyingi twasikia neno la Kiitaliano: “ciao”. Hutamkwa “chao”, nalo hutumika katika kukutana na katika kuagana.

Neno hilo fupi lina asili nzito. Lilianzia Venezia, ambako watu waliamkiana kwa kusema “s-ciavo”, yaani, “mimi ni mtumwa wako”. Nalo latokana na neno la Kilatini cha Zama za Kati, “sclavus”, lililopokewa kutoka Kigiriki. Chanzo chake ni jina la Waslavi wa Ulaya ya mashariki, waliotekwa na kuuzwa kwa wingi hata jina la kabila lao likawa jina la kila mtumwa.

Sisi nasi twasema “shikamoo”, neno lifafanuliwalo kuwa “nashika miguu yako”. Je, twamwambia nani? Mwenye mali twamwamkia kwa heshima. Bali mtumishi wa nyumbani, aliyeamka kabla yetu, twampa amri kabla ya salamu; na kibarua wa shamba la kahawa, chini ya Mlima Meru, hata jina lake hatulijui. Ulimi wanyenyekea, moyo wakataa.

Katika mji uleule wa Venezia, tarehe 29 Novemba 1889, ilitamkwa kisheria kwamba Bakhita, binti wa Darfur aliyetekwa utotoni na kuuzwa mara kadhaa, si mtumwa wa mtu. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa humo, akaitwa Yosefina. Akiwa huru, alichagua utawa, akatumika kwa miaka mingi kama mpishi na bawabu huko Schio, akiwapokea kwa upole wote waliobisha hodi. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mtakatifu. Utumishi alioulazimishwa kwa fimbo, aliutoa kwa mapendo.

Hayo alijifunza kwa Bwana wetu. Katika Karamu ya Mwisho, Yeye aliye Mkuu aliinama, akashika miguu ya wadogo wake na kuiosha. Hiyo ndiyo shikamoo ya kweli.

Basi, ndugu wapendwa, wiki hii tutangulie sisi kumsalimu yule tuliyezoea kumtuma tu. Tumwite kwa jina lake, nasi tungoje kwa subira ajibu.

Tumsifu Yesu Kristo.