Maji, Mitaro na Barabara ya Mkulima

(Hotuba iliyosomwa Litembo mbele ya wanachama, katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama chetu Kikuu)



Katika miaka hii kumi tumezungumza sana juu ya bei ya kahawa. Leo twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya barabara, kwa maana bei njema haimfai mtu ambaye kahawa yake imelala mlimani, wala mbolea haimfai mkulima ikimfikia mahindi yamekwisha komaa.

Kahawa yetu huvunwa wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu. Lakini mbolea huhitajika mvua zianzapo, mwezi wa Novemba na Desemba, nao ndio wakati wa matope. Mgonjwa naye hachagui msimu. Wengi wetu tumepata kubeba machela usiku kwenda hospitali ya Litembo kwa kuwa gari halikuweza kupita.

Msiba huu si wetu peke yetu. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliwaua watu wengi huko Katesh. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge ya kuwa watu 155 wamekufa nchini kwa ajili ya mvua za msimu ule. Mwezi wa Mei, baada ya kimbunga Hidaya, hata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika huko Somanga.

Twashukuru kwa lami iliyotoka Mbinga hata Mbamba Bay, yapata kilometa 66. Lakini lori haliifikii lami hiyo ila kwa njia zetu za vijijini, na njia hizo ndizo zinazokufa.

Barabara hufaje? Wengi hulaumu malori. Lori huchimba alama za magurudumu tu. Mwuaji ni maji. Mtaro ukizibwa na majani, maji huingia njiani, hufuata alama zile, nayo baada ya mvua chache yamekuwa korongo. Kalavati likizibwa, maji hupita juu yake na kubomoa ukingo wa chini.

Wazee wetu waliijua siri hii kabla hatujaona gari. Walipolima ngoro, walilaza majani kwa mistari iliyokingamana, wakachimba katikati na kuyafunika kwa udongo. Maharage na mahindi yakaota juu ya matuta, na shimo likayapokea maji ya mvua, yakazama polepole. Hawakupigana na maji, waliyapunguzia mbio. Mahali ngoro zilipoachwa na matuta kuelekezwa bondeni, maji hushuka kwa nguvu, na barabara iliyo chini hulipa deni la shamba lililo juu.

Nasi hatuna budi kukiri kosa letu. Mwaka mmoja tulichimba mtaro wa kuiokoa barabara, tukayatupa maji katika mibuni ya mwanachama mwenzetu. Barabara ilipona, shamba lake likaharibika. Alipolalamika, tulimwambia avumilie kwa faida ya wengi. Neno hilo halikuwa la ushirika. Tangu hapo twaamini ya kuwa hakuna mtaro ulio mwema kama mwisho wake haujulikani.

Wako wasemao kwamba barabara ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na TARURA tutaendelea kuiomba madaraja na makalavati. Lakini kuzibua mtaro kwa jembe hakungoji bajeti. Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu. Kwanza, kila chama cha msingi kitenge siku za kuzibua mitaro kabla ya mvua za Novemba, viongozi wakishika majembe pamoja na wanachama. Pili, mtaro usichimbwe mpaka mwenye shamba lililo chini yake ameitwa na kukubali mahali maji yatakapotuama. Tatu, walio na mashamba ya mteremko juu ya barabara warudie ngoro, na wasilime mpaka ukingoni.

Mkiyakubali haya, jembe la kwanza na liingie katika mtaro ulio juu ya shamba la yule mwenzetu, tuyageuze maji yale.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.