Mbabula isilale chumbani

Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Luano, hapa Lubumbashi, mwezi wa saba na shati la mikono mifupi hushangaa, maana aliambiwa Kongo yote ni joto. Mji wetu uko juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na tangu mvua zilipokatika mwezi wa tano hakuna mawingu ya kuzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Mchana tunavua makoti. Alfajiri digrii zimeshuka hadi 7 hivi, mwaka mwingine chini ya hapo. Na nyumba zetu nyingi ni ukuta wa tofali na mabati juu, hata dari hamna.

Moto wetu, basi, ni mbabula, jiko la makaa, ambayo kwetu huitwa makala. Mama anaiwasha nje, katikati ya lupango, yaani ua wa nyumba: vijiti vikavu chini, makala juu, kisha anapepea kwa kipande cha kartoni. Mwanzoni moshi ni mzito, watoto wanakimbia huku wanakohoa. Anangoja. Makala yakiwa mekundu yote na moshi umekwisha, sufuria ya bukari, ugali wetu, inapanda, na baada ya chakula watu wanabaki pale, mikono imenyooshwa juu ya moto, maongezi yanaendelea. Moto huo naupenda, wala sina neno nao. Shida inaanza watu wanapotaka kulala, mmoja anaposema: makala bado yanawaka, tuyaache nje kwa nini? Mbabula inabebwa hadi chumbani, mlango unafungwa.

Ndugu zangu, mbabula isilale chumbani.

Tumezoea kuogopa moshi kwa sababu tunauona na unatuwasha macho. Makala mekundu yasiyo na moshi tunayaona salama. Kumbe ndani ya chumba kilichofungwa, hewa inapopungua, makala hayo yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Ikiingia kwenye damu inakamata nafasi ya oksijeni, na inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kama abiria aliyekalia kiti cha basi na hashuki kituo chochote. Hata makala yanayoonekana yamelala chini ya majivu bado yanaitoa.

Aliyelala hasikii kitu. Anayeamka anasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Anataka kufika mlangoni na miguu inakataa. Kwetu mtu akiumwa kichwa na kutapika tunasema malaria. Lakini kama nyumba nzima imeamka na kichwa siku ileile, na wakitoka nje wanapata nafuu, tazameni kwanza mbabula ililala wapi. Na tazameni juu ya dirisha. Yale matofali ya matundu ambayo fundi aliweka ili nyumba ipumue, mwezi wa sita tunayaziba kwa matambara na plastiki ili baridi isiingie. Basi gesi nayo haina pa kutokea.

Siku zote baada ya vifo vya namna hii husikika watu wakisema ni ujinga. Sikubali. Mama mwenye mtoto wa siku chache, usiku wa digrii 7, umeme umekatika tangu jioni, afanye nini? Si kwamba umeme hautengenezwi kwetu. Mabwawa ya umeme ya Katanga hayakuanza jana: Mwadingusha kwenye mto Lufira ni la 1930, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba ni ya miaka ya 1950, na yote yalijengwa kwa ajili ya kampuni ya shaba, Union Minière. Mwaka 1982 ikaja laini ya umeme toka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ikapita juu ya vijiji vilivyo gizani ili ifikie shaba. Shaba ilitangulizwa tangu zamani, na hadi leo watu wa mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi wanapikia makala. Makala nayo ni ghali. Tanuru la udongo porini linakula kilo 5 za mti, mara nyingine hata 10, kutoa kilo moja ya makala, na misitu ya miombo inazidi kuwa mbali, wenye baiskeli wanasukuma magunia toka mbali zaidi kila mwaka. Aliyenunua makala kwa bei hiyo anaona uchungu kuyaacha yaishe nje peke yake.

Basi asiyaache yaishe. Ayafukie kwa mchanga mkavu, au ayatie kwenye debe la bati lenye kifuniko, hukohuko nje. Yatazimika, na kesho yatawaka tena. Kabla ya hapo achemshe maji, ayatie kwenye chupa inayofunga vizuri, aizungushie kitenge, aiweke kwenye blanketi miguuni pa watoto wakubwa. Mtoto mchanga alale kifuani mwa mama aliye macho, ngozi kwa ngozi, nguo na blanketi juu yao wote wawili, uso wa mtoto ukiwa wazi. Hakuna mbabula inayopasha mtoto namna hiyo. Na wenye grupu ya umeme, yaani jenereta, gesi yake ni ileile: isiwashwe ndani, wala barazani karibu na dirisha.

Ukigonga kwa jirani asubuhi hawaitiki, na unajua walikuwa na mbabula, fungua milango na madirisha yote, watoe nje upesi, usikawie ndani. Msiwanyweshe maziwa, hayaiondoi gesi hii, na aliyezimia yanaweza kumpalia. Wanahitaji oksijeni ya hospitali. Mkifika, kabla ya kuulizwa jina na umri, mwambieni daktari kwamba walilala na mbabula, maana asipojua hilo anaweza kuanza kuwapima malaria wakati wanahitaji hewa.