Korogwe Imetoa Nani?



Majuma mawili yaliyopita nilikuwa safarini kwenda Mombo. Nilipanda basi stendi ya Mbezi, na kiti cha jirani yangu alikaa kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye adabu zake. Tulipoiacha Segera akaanza kukusanya mizigo. Nikamwuliza, "Kwenu ni Korogwe, mwanangu?" Akajibu, "Ndiyo, mzee, lakini kule hakuna kitu. Watu wanapita tu kula chakula na kununua machungwa. Hebu niambie, Korogwe imetoa nani?"

Mimi si mtu wa Korogwe, lakini swali lile lilinichoma kana kwamba nimetukaniwa ukoo. Nikaanza kumhesabia kwa vidole.

Nikamwambia: Leo asubuhi ulipotoka mjini kwenda Mbezi ulipita Ubungo, pale penye barabara za juu. Zinaitwa Kijazi. Huyo ni hayati Balozi Mhandisi John Kijazi, aliyekuwa Balozi wetu India, kisha akawa Katibu Mkuu Kiongozi tangu mwaka 2016 hadi alipofariki Februari 2021. Alizikwa kwao Korogwe, na siku chache baadaye Rais Magufuli akaipa kazi ile jina lake. Wewe umepita juu ya jina la mtu wa kwenu, nawe hujui.

Kijana akatabasamu. Nikaendelea. Marehemu Joel Bendera je? Alikuwa kocha wa Taifa Stars iliyokwenda Ndola mwaka 1979 ikatoka sare ya bao 1-1 na Zambia, bao la Peter Tino, tukafuzu fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Nigeria mwaka 1980. Baada ya hapo tulikaa miaka 39 bila kuziona tena fainali hizo, hadi Misri mwaka 2019. Bwana huyo baadaye alikuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, Naibu Waziri mwenye dhamana ya michezo, kisha Mkuu wa Mkoa, Morogoro na Manyara. Alifariki Desemba 2017. Na ukivuka upande wa Handeni, yupo Dk. Abdallah Kigoda, mchumi, aliyewawakilisha watu wa Handeni bungeni tangu mwaka 1995 na kushika Wizara ya Viwanda na Biashara, hadi alipofariki India Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu.

Nilidhani nimemaliza kazi. Kijana akanitazama, akasema kwa upole, "Mzee, hao ni wakubwa. Wakubwa kila wilaya inao."

Basi likaingia stendi ya Korogwe, akashuka, akaniaga kwa heshima. Jibu lake likabaki kwenye kiti pale, nikalala nalo Mombo usiku ule.

Wasikilizaji, kijana yule alisema kweli kuliko nilivyopenda. Mtu akiulizwa waliotoka kwao, hutaja cheo. Hutaja aliyeondoka na kufika Dar es Salaam au Dodoma. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilikuwa nimekaa ndani ya basi, ninapita katika nchi yenye watu wa ajabu kabisa, nikawataja wale ambao magazeti yalikwisha kunitajia.

Nitoe mfano. Ukitoka Korogwe ukaipita Mombo kidogo, unaikuta Mazinde. Wengi hawaigeukii. Lakini katika nusu ya pili ya karne ya 19, Mazinde palikuwa makao ya Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai. Baba yake alitawala Usambaa akiwa juu mlimani, Vugha. Semboja akaona kwamba dunia imegeuka: mali haipandi tena mlimani, inapita bondeni na misafara, pembe na bunduki na watumwa. Akateremka akakaa njiani. Ufalme uliojengwa kwa vizazi ukaraurika, na watu wengi wakaumia. Simsifu. Nasema tu kwamba bwana huyu alielewa maana ya barabara kuu kabla ya lami.

Tumejuaje habari zake kwa undani? Kwa sababu alikuwapo mtu mwenye kalamu. Abdallah bin Hemedi aliyewahi kumtumikia Semboja aliandika kwa Kiswahili kitabu kinachoitwa Habari za Wakilindi, kikachapwa na misheni ya Magila, na miaka ya 1960 kikatolewa tena. Humo ndimo alimo Mbegha, mwindaji wa nguruwe, aliyetoka nchi ya Nguu, ambayo ilikuwa sehemu ya Handeni mpaka Kilindi ilipofanywa wilaya mwaka 2002. Mbegha alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi. Ndugu zake wakamnyima urithi, akakimbia na mbwa wake. Mtu aliyekataliwa kwao ndiye aliyekwenda kuwa mfalme wa Wasambaa. Tungeulizwa wakati ule, "Nguu imetoa nani?" hakuna ambaye angemtaja.

Yupo mwingine ambaye hakuandikiwa kitabu na Abdallah, naye ndiye ninayetaka hasa mumjue. Ni mwanamke.

Katika karne ya 19, mnamo miaka ya 1830, njaa kali iliipiga Uzigua. Watu waliteremka pwani wakitafuta chakula. Wengine walijiweka rehani, wengine walidanganywa kwamba watapata kazi ng'ambo, wakapakiwa majahazini. Walishushwa pwani ya Somalia, wakauzwa, wakalimishwa mashamba ya kando ya mto Shebelle. Baadaye kundi la Wazigua lilitoroka kuelekea kusini. Aliyewaongoza, kwa masimulizi ya wazee wao, ni Wanankhucha, mwanamke aliyekuwa na elimu ya kuagua. Nia ilikuwa kurudi nyumbani kwa miguu. Hawakufika. Waliishia misitu ya mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakawa huru, na waliowafuata kuwarudisha utumwani wakakuta watu wenye silaha na pori wanalolijua.

Sasa fikirini. Watu wale walikaa Juba zaidi ya miaka 100, bila shule ya lugha yao, bila redio, bila mfalme, na wakaendelea kusema Kizigua. Somalia ilipovunjika mwaka 1991 na wao wakashambuliwa, baadhi yao walipanda majahazi wakateremka kusini kuja Tanzania. Serikali ikawapokea. Waliwekwa wapi? Handeni. Kwanza kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo. Wakakuta wenyeji wanasema maneno yale yale waliyofundishwa na bibi zao. Wengi wao wakapewa uraia wa nchi hii. Safari aliyoianza Wanankhucha ikakamilishwa na wajukuu wa wajukuu zake, na jina lake wakaja nalo mdomoni.

Niambieni, ni Waziri gani tutakayemkumbuka hivyo?

Lakini ukienda leo ukatafuta shule, zahanati au mtaa wenye jina lake, sidhani kama utarudi na jibu. Nimewauliza watu sita pale Mombo, wasomi wawili miongoni mwao. Mmoja alidhani ni jina la ngoma.

Nirudi Korogwe, maana ndiko nilikoulizwa. Mji ule umekuzwa na reli na mkonge. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mashamba yakafuata. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani karibu 230,000 za mkonge, hakuna taifa lililotushinda. Waliokata mkonge ule na kulisha mashine za korona waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alipofika alipewa namba. Walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Burundi. Siku za kazi zilitiwa alama kwenye kipande, na kikijaa ndipo mtu alilipwa. Mwaka 1958 wafanyakazi wa Mazinde, pale pale kwa Semboja, waligoma, na mgomo ule ukawa gumzo la nchi nzima. Vitabu vinamtaja Victor Mkello, kiongozi wa chama chao cha wafanyakazi wa mashamba, ambaye mwaka 1963, Wakoloni wamekwisha kuondoka, Serikali yetu wenyewe ilimpeleka Sumbawanga akae huko. Wakata mkonge wanatajwa kwa hesabu: walikuwa kadhaa, walirudi kadhaa.

Siku tatu baadaye, nikirudi, basi lilisimama Korogwe. Nikamwona kijana wangu stendi, amebeba tenga la machungwa kumsaidia mama mmoja. Nikamwita dirishani. Nikamwuliza, "Babu yako alikuwa nani?"

Akacheka. "Babu mzaa baba? Alitoka Kigoma, mzee. Alikuwa Ngombezi, kwenye mkonge. Bado yupo hai, ila macho hayaoni."

Nikamwuliza kama amewahi kumkalisha chini akamhoji habari za huko alikotoka, na za shamba. Akasema hajawahi, babu huongea sana akianza. Dereva akapiga honi. Nikampa kalamu yangu, ya kawaida tu, na daftari lililobaki kurasa chache, nikamwambia aende jioni ile ile.

Wasikilizaji wa Handeni na Korogwe mlio na wazee wa namna hiyo, niandikieni kupitia gazeti hili. Andikeni jina kamili la mzee, alikotoka, shamba alilofanyia kazi na mwaka alioingia. Namba yake ya kipande si lazima. Hadi juma lijalo, kwaherini.