Zamu Isiyojulikana: Upandaji Vyeo na Ari ya Kazi Miongoni mwa Watumishi wa Vyuo Vikuu Dodoma

Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007 kikilenga kufikisha wanafunzi 40,000, na lengo kubwa namna hiyo lililazimu kuajiri wakufunzi wasaidizi wengi kwa mkupuo. Walioingia pamoja huhitaji kila kitu pamoja: ruhusa ya masomo, ufadhili, nafasi ya jalada mbele ya kamati ya vyeo. Hoja yangu ni kwamba kinachomvunja moyo mtumishi wa chuo, kuliko hata udogo wa mshahara, ni kutojua zamu yake itafika lini. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha upandishaji vyeo nchi nzima kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Mshahara haukupunguzwa, ila mhadhiri aliyekwisha kutimiza masharti, makala zake zimeshapimwa, alibaki pale pale. Malimbikizo hata yakilipwa hayarudishi muda, kwani cheo kimoja kikichelewa, vyote vilivyo juu yake huchelewa.

Wapo watakaosema tatizo ni fedha tu, na watatuonyesha mtaa wa Ipagala hapa Dodoma: tangu ilipotangazwa kwamba Serikali inahamia Dodoma, mwenye kiwanja huona heri vyumba vya kupangisha kuliko makala ya jarida. Simlaumu. Lakini tuangalie kinachomvuta. Akinunua saruji mwezi huu, mwisho wa mwezi anaona kozi za tofali zimepanda. Jalada likiingia kamatini, kimya. Mwanasaikolojia Frederick Herzberg alidai mwaka 1959 kwamba mshahara mzuri huondoa manung'uniko bila kuwasha ari. Aliowahoji walikuwa wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, na sidhani kama walikuwa wakidaiwa ada za watoto wa ndugu, kwa hiyo nadharia yake siichukui nzima. Hapa kwetu mshahara una midomo mingi. Hata hivyo, mwenye midomo mingi ndiye anayehitaji zaidi kujua nyongeza itakuja lini, apate kupanga.

Basi zamu itangazwe kwa ratiba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ratiba hiyo italea uvivu: watu watapanda kwa kukaa tu. Ratiba ninayoitetea ni ya uamuzi, si ya cheo. Kamati ina haki ya kukataa, mradi ikatae kwa maandishi, itoe sababu, na ifanye hivyo ndani ya muda uliotangazwa. Orodha ya watakaokwenda masomoni nayo ibandikwe idarani, ikionyesha nani atashika vipindi vya nani. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, umewafungulia wahadhiri nafasi za uzamili na uzamivu. Lakini fundi sanifu wa maabara, anayeandaa kemikali kabla ya mhadhiri kuingia, hana makala za kuhesabiwa, na kwenye mjadala wa vyeo hutajwa mwisho. Napendekeza orodha hiyo ya masomo ianze na yeye.