Mjerumani au mbwa wa kienyeji?



Juma hili nina barua kutoka Kabungu, mkoani Katavi. Mwenye barua ana mke na watoto wadogo, uwanja wake ni mpana, na wezi wa kuku wamemchosha. Anataka mbwa. Ndugu yake wa Dar es Salaam amemwahidi mtoto wa German Shepherd, yule ambaye wengi wetu humwita mbwa wa polisi. Jirani naye anampa bure mtoto wa mbwa wa kienyeji. Anauliza amchukue yupi.

Tuanze na mgeni. Mwaka 1899 ofisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alinunua mbwa wa kuchungia kondoo, na kwa huyo akaanzisha ukoo huu. Ni mbwa wa kazi. Akili anayo na utii anao, ndiyo maana polisi wanampenda. Lakini katika Kikosi cha Mbwa na Farasi, mbwa ana askari wake, mazoezi yake na chakula chake. Majumbani kwetu hufungwa mnyororo chini ya mwembe toka asubuhi hadi jioni. Mbwa wa kazi asiye na kazi huzua ya kwake, na mtoto anayepita karibu na mnyororo ndiye wa kwanza kuyaona.

Tena anakula! Dume hufika kilo 30 hata 40, wakati wa kienyeji mara nyingi hafiki 20. Ukoo huu pia una ugonjwa wa nyonga, na mbwa akiupata huchechemea hadi uzeeni.

Hayo ni ya kila mahali. La Kabungu hasa ni mbung'o. Nchi ile ni ya miombo, na miombo ndiyo makao ya mdudu huyo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu katika sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika kwa sababu ya malale. Mbwa naye huugua ugonjwa wa jamii hiyo: homa, kukonda, kuishiwa damu, na mara nyingine macho kuingia ukungu mweupe. Mbwa wa kienyeji huugua pia, tusidanganyane, lakini wa kigeni huzidiwa haraka zaidi. Dawa zipo, na wafugaji wa ng'ombe wanazijua. Ila dozi ya mbwa ni ndogo na haikadiriwi kwa macho. Ikizidi kidogo humuua. Mwite bwana mifugo.

Sasa wa kienyeji. Watu humdharau, humwita koko, humpiga mawe. Lakini huko Katavi mtazame akifuata ng'ombe wa Wasukuma kutwa nzima juani, halafu usiku akibweka kabla mwenye boma hajasikia kitu. Ugali wa dona na dagaa wa Ziwa Tanganyika humkuza bila taabu. Kwa wezi wa kuku, kubweka kunatosha. Hakuna haja ya meno ya polisi.

Kasoro yake, au tuseme kasoro yetu, ni kumwacha azurure. Huko njiani ndiko anakokutana na kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu wote wanaougua kichaa hiki, 99 katika kila 100, hukipata kwa mbwa, na dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Watoto ndio wanaoumwa sana, kwa sababu wao ndio wanaocheza naye.

Kwa hiyo, bwana wa Kabungu, chukua wa jirani. Kwanza nenda ukamtazame mama yake: akiwa mkali kwa watoto wa nyumba ile, achana naye, tafuta kwingine. Mtoto wa mbwa akifika miezi 3 apate chanjo ya kichaa, kisha kila mwaka. Mjengee banda, afunguliwe usiku ndani ya ua. Na mtoto wako akiumwa na mbwa yeyote, hata huyo wa kwako, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Ndugu yako wa Dar es Salaam mwandikie asante, na umwombe huyo Mjerumani amtafutie mwenye uwanja na muda huko huko mjini.