Mwalimu Grace Onyango na pilau ya Jakobsberg

Tarehe 25 Oktoba 1969 Mzee Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi. Askari wakafyatua risasi, wananchi wakafa. Mimi ni muuguzi. Hospitali kufunguliwa kwa maiti, jamani! KPU ikapigwa marufuku. Desemba, mji ule ule ukamchagua Mwalimu Grace Onyango, meya wake tangu 1965, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya huru. Alidumu bungeni hadi 1983.

Sasa chama chetu hapa Jakobsberg: miaka yote mama anaulizwa pilau tu. Uchaguzi ujao nagombea uenyekiti. Pilau apike mwingine.